Likizo Tuko Nazo, Kupumzika Ndio Hatujui

Kila Desemba, steji ya Machakos pale Nairobi hujaa wasee wa Kitui, Mwingi, Wote na Kibwezi. Kila mtu na begi yake, anasema anaenda ocha kupumzika. Januari mkipatana tao, muulize kama alipumzika. Atacheka tu.

Shida si ati likizo hakuna. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa siku 21 za kazi kila mwaka, na mshahara bado unaingia. Wanafunzi nao, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilipiga marufuku tuisheni ya likizo. Faini ni hadi laki moja, ama jela hadi mwaka mmoja, ama zote mbili. Lakini bado kuna wazazi wanachanga doo watoto warudi darasani Agosti.

Tulishaona vile hii huisha. Korona ilifunga shule Machi 2020. Ziliporudi kabisa Januari 2021, kalenda ikafinywa na likizo zikakatwa. Kufika Oktoba na Novemba, mabweni yalikuwa yanachomeka huku na kule. Wizara ikatangaza mapumziko ya katikati ya muhula, wanafunzi waende nyumbani kidogo. Kuchoma bweni ni uhalifu na sababu zilikuwa nyingi, lakini hiyo hatua ilikubali kitu: watoto walikuwa wamechoka.

Ocha nayo si hoteli. Ukambani watu hutegemea sana mvua ya Oktoba hadi Desemba, so ukifika Mutomo unapata ndengu zinangoja kupaliliwa na mitungi inangoja maji. Makueni ni msimu wa maembe. Utachoka, lakini jioni unakula muthokoi, unalala mapema, na hakuna kengele.

Chenye huharibu likizo ni simu. Mimi niliacha chuo nikaingia hii job ya kuandika. Desemba moja nilishinda chini ya mwembe nikisaka netiwaki nitume stori, bosi akiuliza "uko?" hadi saa nne usiku. Susu akaniangalia, akaniuliza, "Umekuja, ama umetuma mwili tu?" Sikuwa na jibu.

Na msee wa mjengo je? Akikosa siku moja, hakuna doo. Wengi hawajui sheria hiyo hiyo inasema kibarua akifanya kazi mfululizo miezi miwili ama zaidi, anastahili haki kama za mwenye aliandikwa kawaida. Likizo ni moja yazo. Bosi hatakukumbusha.

So kabla ukate tiketi ya Kitui, omba siku zako kwa maandishi, mwambie bosi utarudi lini, na ukifika zima simu. Kazi utaikuta. Susu je, ana Desemba ngapi zimebaki?