MAJI MACHAFU NI MOTO, LAKINI NANI ATAULISHA?



Ukisimama nyuma ya jiko la shule au la hoteli hapa Mbumbuni saa nane mchana, utaona mambo mawili kwa pamoja. Mpishi anapuliza kuni huku macho yakimtoka machozi. Mwenzake anamwaga mtaroni karai la maji ya sufuria, pamoja na makombo ya muthokoi na maganda ya viazi. Sisi twasema kinachomwagwa pale ndicho moto wa kesho.

Makombo yakitiwa ndani ya tangi lisiloingia hewa, vijidudu huyala na kutoa gesi. Zaidi ya nusu ya gesi hiyo ni methani, nayo huwaka buluu bila moshi. Samadi mbichi ya ng'ombe kiasi cha kilo 25 hutoa kama mita moja ya ujazo, na jamaa ndogo hupika siku nzima kwa mita mbili hivi. Mabaki ya chakula hutoa zaidi ya samadi, kilo kwa kilo.

Wako wanaosema mambo haya si ya Ukambani, kwa kuwa mtambo wa samadi wataka maji mengi na sisi twachota mchangani kwa madumu. Ni kweli. Lakini maji tunayoyataja hayatoki kisimani. Yamekwisha kuosha sufuria. Yangemwagwa tu.

Wala si jambo geni. Mkulima wa kahawa, Tim Hutchinson, alijenga mtambo wake hapa Kenya mwaka 1957, akaona hata yale maji mazito yanayotoka mwishoni ni mbolea nzuri kwa kahawa. Kule Hale, Tanga, mtambo ulijengwa wa kutumia taka za mkonge. Wenye ndugu waliofanya kazi ya mkonge Kibwezi mwajua hesabu yake: jani likipita kwenye korona, singa ni sehemu ndogo sana, kama nne katika mia, na nyingine zote huchukuliwa na maji. Kiserian nako, taka za machinjio zimefanywa gesi.

Basi kwa nini mitambo mingi iliyojengwa Kenya tangu miaka ya 1980 ilikufa? Mara nyingi tangi lilikuwa zima, ila hakukuwa na mtu wa kulilisha. Mwajiri hununua saruji, hununua mabomba, na fundi akiondoka kazi yote hutupiwa mpishi au mfagiaji, juu ya kazi aliyo nayo, kwa mshahara ule ule. Baada ya miezi michache tangi limekauka, na lawama ni ya mpishi.

Nayo si kazi ya kupitia tu. Mifupa na plastiki sharti zitolewe. Maji yenye Jik au sabuni nyingi yasiingie, maana huua vijidudu. Msimu wa maembe, ambapo kila mtu hutaka kutupa maembe mabovu, ukitia mengi kwa siku moja tangi huchacha kama tumbo la mtoto na gesi hukatika. Bomba lazima liondolewe maji yanayokusanyika ndani. Huyo ni mfanyakazi mwenye ujuzi. Twataka aandikwe kazi na alipwe kwa kazi hiyo. Sheria ya Ajira ya 2007 yasema mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi.

Jambo jingine ni la uhai. Katika gesi hiyo mna haidrojeni salfaidi, inayonuka kama yai viza. Ikiwa nyingi huiua pua kwanza, mtu akadhani imekwisha. Hushuka tangini kuzibua, akaanguka. Mwenzake humfuata kumwokoa, akaanguka juu yake. Mwanachama ye yote akiambiwa ashuke bila hewa kupimwa, bila kamba na watu juu, akatae. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 iko upande wake.

Hatufichi kwamba akina mama wanaoleta kuni kwa punda watapoteza wanunuzi. Sisi twaona wao ndio wafikiriwe kwanza kazi ya kulisha mtambo ikitokea, maana jiko lile limewalisha miaka mingi.

Kila tawi lenye wanachama wa jikoni liandike mambo matatu: kuni ngapi huchomwa kwa muhula, maji ya kuoshea yanakwenda wapi, na mwajiri amesema nini juu ya mtu wa kulisha tangi. Barua apewe katibu wa tawi kabla ya mkutano wa mwezi ujao. Mwajiri akija na ramani ya tangi isiyo na jina la mfanyakazi ndani yake, msiitie sahihi.