Dharura haifuti masharti ya deni



Mnakumbuka Mei 2020? Mto Nyando ulivunja kingo zake, ziwa likaingia majumbani Dunga na Kendu Bay, na korona ilikuwa imefunga kila kitu. Mwezi huo huo IMF ikaidhinishia Kenya mkopo wa dola milioni 739, na Benki ya Dunia dola bilioni 1. Sababu: dharura.

Hatusemi serikali isikope watu wakiwa kwenye shida. Tunauliza hivi: dharura ikija, masharti ya deni yanaenda wapi?

Aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani, Al-Baqara 282, inahusu deni: liandikwe, na kuwe na mashahidi. Inayofuata inamzungumzia aliye safarini na hana mwandishi. Hata huyo hakuachiwa akope ovyo. Amewekewa utaratibu wa rehani. Shida imebadilisha utaratibu, haikuufuta. Na mafakihi wanatufundisha kwamba dharura hupimwa kwa kiasi chake.

Katiba yetu ya 2010 nayo haina tofauti. Kifungu cha 223 kinairuhusu serikali kutumia pesa ambazo Bunge halijapitisha, lakini zisizidi asilimia 10 ya zile zilizopitishwa mwaka huo isipokuwa Bunge lenyewe liidhinishe zaidi, na idhini iombwe ndani ya miezi miwili. Kifungu cha 211 kinasema Bunge likiomba maelezo ya mkopo wowote, Waziri wa Fedha ana siku saba kuyaleta: deni lote ni kiasi gani, pesa zilifanya kazi gani, zitalipwa vipi. Katika kifungu hicho hakuna palipoandikwa "isipokuwa wakati wa dharura". Na Kifungu cha 201 kinataka mzigo wa mikopo ugawanywe kwa haki kati ya kizazi cha sasa na kijacho. Hicho kizazi kijacho ni mdogo wako aliye madrasa leo.

Sasa tatizo liko wapi? Kiwango cha juu cha deni hakimo kwenye Katiba. Kinawekwa na Bunge, na Bunge hilo hilo hukisogeza. 2019 kikawa shilingi trilioni 9. 2022 trilioni 10. 2023 wakaacha kuhesabu trilioni, wakaweka asilimia 55 ya pato la taifa. Ukuta unaosogezwa kila ukifikiwa si ukuta.

Kwa hivyo tusingoje mafuriko mengine. Kifungu cha 35 kinakupa wewe raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Itumie. Na mbunge wako, awe wa Kisumu ya Kati, Nyando au Karachuonyo, akija mtaani muulize swali moja tu: umewahi kudai maelezo ya mkopo hata mmoja chini ya 211?

Ukichukua sukari kwa deni dukani, mwenye duka anaandika, na wewe unaona alichoandika. Hili deni la taifa tumeshaandikiwa sote. Tuonyeshwe daftari.

Sambaza kwa wenzako.