Sinia, Kikombe na Siha ya Nyumba

Juma hili tumechagua kuzungumzia jambo linaloanzia jikoni na mara nyingi kuishia hospitalini: uzito wa mwili na maradhi yanayofuatana nao.

Kwa muda mrefu hapa kwetu pwani, unene wa mke umehesabiwa kuwa ushahidi wa nyumba yenye neema. Bi harusi akinenepa baada ya arusi, majirani husema mumewe amemtunza. Akikonda, maswali huanza. Sifa hiyo ina wema ndani yake, lakini imetufumba macho. Leo ni nadra kupita mtaa mzima bila kukuta nyumba yenye mama anayejidunga sindano ya insulini, mzee aliyekatwa mguu kwa kidonda kilichokataa kupona, au binti wa makamo anayemeza vidonge vya presha. Tukiuita unene neema bila ya kuuliza umefika kiasi gani, huwa tunamsifu mtu kwa mzigo anaoubeba.

Tueleze kwa ufupi yanayotokea mwilini. Wanga tunaokula hugeuka kuwa sukari katika damu, na homoni iitwayo insulini huifungulia sukari hiyo mlango wa kuingia katika seli. Mafuta yakirundikana tumboni na kwenye ini, seli huanza kuikaidi insulini. Kongosho hulazimika kutoa nyingi zaidi, hadi likachoka. Hapo sukari hubaki ndani ya damu na kuharibu taratibu mishipa ya macho, figo, moyo na miguu. Maradhi haya yaweza kukaa mwilini miaka kadhaa bila ya dalili. Kiu isiyokatika, kwenda haja ndogo mara kwa mara na uchovu huja wakati madhara yamekwisha kuanza.

Wanawake wa pwani tuna shida nyengine ya ziada: mavazi yetu hayatuonyi. Avaaye suruali huonywa na mshipi wake, lakini dera na buibui ni pana, humsitiri mwenye kilo 60 na mwenye kilo 90 sawasawa. Basi tutumie utepe wa cherehani, ambao haukosekani nyumbani. Toa pumzi, kisha pitisha utepe kiunoni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Kwa mwanamke, kiuno kikizidi sentimita 80 hatari huanza kupanda. Kikizidi 88 hatari ni kubwa, na yafaa kwenda kupimwa sukari na presha. Aliyewahi kupata kisukari wakati wa uja uzito asisubiri utepe umwambie, kwani yeye yuko karibu zaidi na maradhi haya.

Sasa tuingie jikoni, tuanze na kikombe. Kijiko kimoja cha chai hubeba takriban gramu 4 za sukari. Mwenye kutia vijiko vitatu, akanywa vikombe vinne tangu alfajiri hadi baada ya Isha, amekunywa gramu 48. Shirika la Afya Duniani lashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunazopata kwenye chakula, yaani kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ni bora zaidi isizidi gramu 25. Hivyo chai peke yake imekaribia kumaliza haki ya siku nzima, kabla ya mahamri, kaimati, sharbati na soda. Asali na maji ya matunda yaliyokamuliwa pia huingia katika hesabu hiyo. Asali ina fadhila zake, lakini kwa damu ya mgonjwa ni sukari vilevile.

Dawa yake si kuacha chai. Punguza nusu kijiko kila juma. Kutoka vijiko vitatu hadi kimoja ni safari ya majuma manne, na ulimi hujizoeza. Zidisha iliki, tangawizi au mdalasini, ladha ipate pa kuegemea. Watoto wapewe maji wakiwa na kiu, na tunda walile zima badala ya kulikamua, ili nyuzinyuzi zake zibaki.

Jambo la pili ni mafuta. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kaloria 120 hivi, na hamri, bajia na viazi vya karai hunyonya mengi bila ya kuonekana. Vyakula hivi si haramu, ila nafasi yake ni siku maalumu, si kila asubuhi na kila jioni. Siku nyengine kuna mkate wa mofa, muhogo au viazi vitamu vya kuchemsha, pojo na mbaazi. Kuhusu nazi, mama zetu walikuwa na hekima yao: chakula kilipikwa kwa tui jepesi, na kasimele ikatiwa mwishoni, kidogo, kwa ajili ya ladha na harufu. Turejee hapo.

Tukija kwenye sinia, hapa pana jambo linalostahili kuzingatiwa kwa kina. Kula pamoja ni baraka na kunajenga mapenzi ya nyumba. Wala hatumshauri mtu yeyote avunje desturi hii. Lakini sinia huficha kipimo. Aliyekula sahani moja anajua amekula sahani moja. Aliyekula siniani hajui, hasa pale mama anapozidi kumsogezea mnofu na wali wa chini. Mama mwenyewe, aliyeonja jikoni kisha akamalizia mabaki ya watoto ili yasitupwe, hula mara tatu na huhesabu mara moja.

Njia ni kupima kabla ya kupakua. Wali uchotwe kwa upawa ule ule kila siku, kwa idadi ya walaji, na sufuria ibaki jikoni. Nusu ya sinia ijazwe mboga na kachumbari: mchicha, mnavu, kisamvu, mabamia. Robo iwe samaki, kuku au maharagwe, na robo iliyobaki ndiyo iwe wali. Kila mmoja ale kilicho mbele yake, kama tulivyofunzwa na Mtume (S.A.W.), kwani adabu hiyo yenyewe ni kipimo. Na tukumbuke mafunzo yake ya kuligawa tumbo mafungu matatu, la chakula, la maji na la pumzi. Mabaki yahifadhiwe au apelekewe jirani. Israfu haiondoki kwa kuihamisha kutoka sufuriani hadi tumboni mwa mama.

Wengine watasema samaki ni ghali, nayo sukari na unga wa ngano vinapatikana dukani kwa bei nafuu. Ni kweli, na hatulipuuzi. Lakini kunde, pojo na dagaa hushindana na bei ya nyama, na fedha za soda na vitafunio vya jioni, zikikusanywa kwa juma zima, hununua mboga nyingi.

Je, jitihada hizi zina faida? Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuata kwa takriban miaka mitatu watu ambao sukari yao ilikuwa imepanda bila ya kufikia kisukari. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kutembea au kufanya mazoezi dakika 150 kwa juma walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58 wakilinganishwa na wasiopewa mpango huo. Kwa mwenye kilo 80, asilimia 7 haifiki kilo 6. Haihitajiki mtu awe mwembamba. Yatosha kushuka kidogo na kubaki hapo, nusu kilo hadi kilo moja kwa juma.

Tunatahadharisha. Mja mzito asijipunguze uzito. Anayetumia insulini au vidonge vya sukari asikatize milo ghafla, wala asifunge Ramadhani bila ya kuzungumza na daktari wake mapema, kwani sukari kushuka mno nako huua. Na majani au vidonge vya kukondesha vinavyouzwa mitaani tuviepuke.

La mwisho, tusaidiane. Mgeni akisema ametosheka, tusimlazimishe kwa viapo. Shangazi akikataa kipande cha pili cha halua, tusimwambie ametudharau. Ukarimu wetu uwe wa kumtakia mgeni umri mrefu.

Mola atujaalie siha njema sisi na vizazi vyetu. Tukutane juma lijalo, inshallah.