Formula 1 na Kigali: Pesa ziulizwe kabla ya injini kuwaka

LUBUMBASHI – Mtu anayesimama kando ya barabara ya taifa namba 1, kwenye komini ya Annexe, hahitaji kuelezwa thamani ya kilicho chini ya ardhi ya Kongo. Usiku na mchana malori yanapita kutoka Kolwezi na Likasi, yamebeba shaba na kobalti, yakielekea mpaka wa Kasumbalesa, kisha Zambia na bandari za mbali. Vumbi wanabaki nalo wenyeji.

Mashindano ya magari ya Formula 1 yako mbali sana na vumbi hilo. Wengi katika Annexe hufuata mpira, si mbio za magari. Lakini Februari 2025, siku chache baada ya mji wa Goma kuangukia mikononi mwa waasi wa M23, Waziri wa Mambo ya Nje wa Kongo, Thérèse Kayikwamba Wagner, alimwandikia mkuu wa Formula 1, Stefano Domenicali, akimtaka asimamishe mazungumzo na Rwanda. Miezi miwili kabla yake, Desemba 2024, Rais Paul Kagame alikuwa ametangaza mbele ya wakuu wa shirikisho la magari duniani, FIA, waliokutana Kigali, kwamba nchi yake inaomba kuandaa Grand Prix. Jibu la Formula 1 lilikuwa la upole: inafuatilia hali, na uamuzi wowote utafanywa baada ya kupata habari kamili.

Jibu kama hilo si geni. Mchezo wa magari umelitoa kwa namna mbalimbali kwa zaidi ya miaka 70, na mara nyingi habari kamili zilikuja kutoka kwa polisi.

Hoja ya Kinshasa ina msingi. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa, katika ripoti yao ya Desemba 2024, waliandika kwamba M23 ilikuwa imeshika eneo la machimbo la Rubaya, Masisi, na kwamba tani 150 hivi za koltani zilikuwa zikipelekwa Rwanda kwa magendo kila mwezi na kuchanganywa na madini ya huko. Kodi iliyotozwa na waasi ilikadiriwa kufikia dola 800,000 kwa mwezi. Machi 2025 Umoja wa Ulaya ukakiwekea vikwazo kiwanda cha kusafisha dhahabu cha Gasabo, kilichopo Kigali. Rwanda inakanusha kuwasaidia waasi na kupora madini, nayo ina machimbo yake halali. Tena ripoti hiyo haikuwa inazungumzia mbio za magari. Hakuna aliyeonyesha kwamba faranga moja ya Rubaya ingeingia kwenye uwanja unaopangwa Bugesera. Kinachodaiwa ni kwamba swali liulizwe, na wenye mchezo wawe wa kwanza kuuliza.

Historia yao haileti matumaini makubwa.

Wakaaji wa Annexe wanaijua lutuku. Kusini mwa Marekani walikuwa na lutuku yao, pombe ya mahindi iliyopikwa porini ili kukwepa kodi. Vijana waliosafirisha mzigo huo usiku waliongeza nguvu ya injini na kukaza spring za nyuma, ili gari lililojaa pombe lisilale chini likaonekana na polisi. Jumapili walishindana wenyewe kwa wenyewe. Mmoja wa madereva bora wa wakati huo, Lloyd Seay, alishinda mbio za Atlanta Septemba 1941, na kesho yake akapigwa risasi na binamu yake kwa ugomvi wa sukari ya kupikia pombe. Binamu mwingine wa Seay, Raymond Parks, aliyewahi kufungwa kwa biashara hiyohiyo, ndiye aliyemiliki gari lililomletea Red Byron ubingwa wa kwanza wa NASCAR mwaka 1949.

Mwaka huohuo wa 1949, mwezi wa Juni, yalifanyika mashindano ya kwanza ya NASCAR ya magari ya kawaida, mjini Charlotte. Glenn Dunaway alimaliza wa kwanza. Wakaguzi wakalifungua gari lake, wakakuta spring za msafirisha pombe, na ushindi akapewa Jim Roper. Gari hilo lilikuwa limebeba pombe siku chache kabla ya mbio. Kosa lililoandikwa, hata hivyo, lilikuwa la spring. Hakuna aliyeadhibiwa kwa sababu ya mzigo, wala aliyeuliza ni magari mangapi mengine yaliyonunuliwa kwa faida yake. Mchezo ulikuwa na wakaguzi hodari wa chuma. Mkaguzi wa pesa hakuwepo.

Miaka 35 baadaye pombe ilikuwa imebadilika kuwa bangi, na kiasi kimekua. Mwaka 1984 Randy Lanier alitwaa ubingwa wa IMSA, mbio za masafa marefu za Marekani, akiwa na timu yake ya Blue Thunder. Timu haikuwa na mfadhili mkubwa ubavuni mwa magari yake, ila ilinunua magari mazuri na kulipa mafundi wazuri. Watu wa mchezo waliona. Walinong'ona hata kuzigeuza herufi za IMSA ziwe utani kuhusu wasafirishaji bangi. Utani ulitosha, hakuna aliyefungua daftari. Ilibidi waendesha mashtaka wa serikali waje, na mwaka 1988 Lanier akahukumiwa kifungo cha maisha kwa bangi iliyoingizwa Marekani kwa tishari. Alitoka 2014. Ndugu wawili, Don na Bill Whittington, walioshinda Saa 24 za Le Mans mwaka 1979 pamoja na Klaus Ludwig, nao walikiri makosa mahakamani, mmoja ya kusafisha pesa, mwingine ya kuingiza bangi.

Ulaya mambo yalivaa suti. Mwaka 1989 Mbelgiji Jean-Pierre Van Rossem aliingia Formula 1 kama mmiliki wa timu ya Onyx, akijivunia mashine aliyoiita Moneytron ambayo eti ilijua soko la hisa litakwenda wapi. Mashine yenyewe hakuna aliyeonyeshwa. Timu ilipanda jukwaani Ureno mwaka huohuo, Stefan Johansson akiwa wa tatu, na mwaka 1991 Van Rossem alihukumiwa kifungo cha miaka 5 kwa udanganyifu. Hata Bernie Ecclestone, aliyeuongoza mchezo huo kwa miongo kadhaa, alilipa dola milioni 100 mwaka 2014 ili kesi yake ya rushwa mjini Munich ifungwe bila hukumu, na Oktoba 2023 akakiri mbele ya mahakama ya London kwamba aliidanganya mamlaka ya kodi kuhusu zaidi ya pauni milioni 400 zilizokuwa Singapore.

Si ajabu pesa chafu kupenda magari. Timu hula fedha nyingi kwa mwaka, na bei ya kipande cha kaboni au ya wiki moja ya fundi haijulikani sokoni kama bei ya mfuko wa unga. Ufadhili nao hauna bei: jina lililoandikwa kwenye bawa la gari linaweza kulipiwa milioni moja au milioni ishirini, na hakuna mtu wa kusema ni nyingi mno. Makontena huvuka mipaka kila baada ya wiki mbili. Juu ya hayo yote, mwenye pesa hupata picha akiwa na bingwa, mawaziri na wafalme. Mfanyabiashara wa bangi alitaka kuonekana mwanamichezo. Serikali inayoshutumiwa inaweza kutaka kuonekana mwenyeji mwema, na kwa hilo mbio za magari hufaa vilevile.

Afrika imekwisha kuliona hilo. Oktoba 1985, Afrika Kusini ikiwa katika hali ya hatari chini ya ubaguzi wa rangi, Formula 1 ilikwenda Kyalami. Timu mbili za Ufaransa, Renault na Ligier, zilikataa kwa shinikizo la serikali yao. Zilizobaki zilishindana. Mbio zilirudi Kyalami 1992 na 1993, na tangu hapo bara zima halijapata Grand Prix nyingine. Kalenda ya 2026 ilipotangazwa ilikuwa na mbio 24, hakuna hata moja Afrika.

Hapo ndipo watetezi wa Kigali wana neno la kweli. Lewis Hamilton amesema kwa miaka kwamba mchezo unaozunguka dunia hauwezi kuendelea kuliruka bara hili. Na ni haki kuuliza kwa nini Rwanda ichunguzwe wakati nchi nyingine zenye doa la vita na magereza zina mbio zao tayari. Lakini uzembe uliofanywa kwa wengine hauwezi kuwa haki inayodaiwa na mgeni. Vilabu vya mpira vimeanza kuona hivyo. Bayern Munich ilibadilisha mkataba wake wa Visit Rwanda mwaka 2025, ukaacha kuwa wa ufadhili wa kibiashara. Arsenal nayo ikatangaza kwamba wake hautaendelea baada ya msimu wa 2025-26. Mashabiki walipiga kelele kwanza, viongozi wakafuata.

Sasa upande wa pili, ambao Kinshasa haipendi kuusikia. Mwaka huohuo wa 2025, serikali ya Kongo ilisaini mikataba yake ya kutangaza utalii na AC Milan, AS Monaco na FC Barcelona. Ule wa Barcelona ni wa miaka 4, na vyombo vya habari viliripoti kiasi cha zaidi ya euro milioni 40. Serikali ilisema inataka kuonyesha dunia sura nyingine ya nchi. Kigali ilisema maneno ya namna hiyohiyo mwaka 2018, iliposaini na Arsenal. Nchi inayomwambia Domenicali achunguze pesa za jirani inapaswa kuwa tayari kuonyesha za kwake, hasa pale ambapo sehemu kubwa ya mapato yake inatoka kwenye shaba na kobalti inayopita mbele ya milango ya watu ambao kartie zao bado zinangoja lami na maji ya bomba.

Kwa hiyo madai ya Kongo yawe na pande mbili. Kwa Formula 1: kabla ya kusaini na nchi yoyote, itangaze nani analipa ada ya kuandaa mbio, nani anajenga uwanja, na pesa zinatoka mfuko gani, na ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zisomwe kwenye meza hiyo kama zinavyosomwa na benki. Haya si mambo magumu kwa mchezo unaoweza kupima uzito wa gari hadi kilo ya mwisho.

Kwa Kinshasa: mikataba ya Milan, Monaco na Barcelona ipelekwe yote bungeni, kurasa zote, na kiasi kinacholipwa kila mwaka kionekane kwenye bajeti kwa jina lake. Dereva wa lori anayefika Kasumbalesa husimama, hushuka na makaratasi yake mkononi: mzigo wa nani, umetoka chimbo gani, umelipiwa nini, unakwenda wapi. Foleni huweza kumchukua siku kadhaa, na karatasi moja ikikosekana anarudishwa nyuma. Wabunge wa Haut-Katanga wanaweza kuanza na maswali hayo hayo manne.