Mwenye diploma shimoni, andika jina lako la kweli

Kila mwaka, kisha matokeo ya Exetat, na kisha wengine kutetea TFC zao kwenye shule za juu, naona vijana wapya wanafika kwenye kareri za Kabambare. Wanatoka Kasongo, Kindu, wamoja hata Bukavu. Ukimuuliza kijana anafanya nini huku, atajibu: "Yaya, ninangojea tu." Anangojea jina lake litoke kwenye listi ya walimu wanaolipwa na Leta. Anangojea mjomba wa Kinshasa apige simu. Miaka mitatu inapita, minne, na yeye bado ni mpita njia ndani ya shimo.

Mimi ni mtu wa sendika, nina sekondari tu. Wengine watasema ninawaonea wivu wenye kusoma. Basi waseme.

Sababu za kungojea nazijua. Shule za msingi bila malipo zilianza Septemba 2019, watoto wakajaa madarasani, lakini mwalimu mpya, yule tunayemwita N.U., anaweza kufundisha miaka na miaka bila mshahara. Kampuni? Kule Namoya, Banro ilianza uzalishaji wa biashara mwaka 2016, na mwaka 2019 ikasimamisha kazi kwa sababu ya usalama. Wazazi wetu, wao, walimwona karani wa SOMINKI na shati yake nyeupe. SOMINKI ilizaliwa 1976, bei ya bati ikaanguka 1985, kampuni ikaenda ikidhoofika mpaka ikafa. Picha ya karani haikufa. Ni kwa ajili ya picha ile mama aliuza mchele na mafuta ya ngazi kwa kulipa minervale. Sasa mtoto atamwambia nini mama yake? Kwamba anabeba mifuko ya udongo?

Njo haya hiyo ninaandikia, kwa sababu inaua watu. Kijana akifika kareri anajipa jina lingine: Prof, Rambo, Dokta. Hataki kadi ya mchimbaji, kwa sababu kadi itaonyesha jina lake na kazi yake. Hataki kooperative: "Mimi si mkreseri wa kweli, napita." Halafu mvua inanyesha, ardhi inaanguka. Tunatoa mwili, tunausafisha uso, tunabaki tukiulizana: huyu ni mtoto wa nani? Tutume habari Kasongo, mtaa gani, kwa nani? Kwenye daftari hayumo. Pedeje wa shimo anatoa kwa mazishi kile moyo wake unapenda, na hakuna wa kumdai zaidi.

Wadogo zangu, sisemi shimo ni zuri. Shimo ni baya, na mwenye kuwaambia kinyume hajaingia. Nasema hivi: ile siku unashuka, wewe ni mchimbaji, na mchimbaji ana haki zake. Sheria ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inataka mchimbaji awe Mkongomani mtu mzima, awe na kadi inayorudishwa upya kila mwaka, awe ndani ya kooperative iliyokubaliwa. Masharti ya kazi yanasema shimo lisipite mita 30. Nani kati yetu ameyasoma? Yako kwa Kifaransa, na sisi tunayasoma polepole, neno moja moja, kama mtu anayechambua mchele. Na pembeni amekaa kijana mwenye graduat ya sheria, amevuta kofia mpaka machoni ili asitambulike!

Au tuseme mizani. Negosian anapima dhahabu na njiti za kiberiti na vipande vya pesa za zamani. Anasema renge, anasema tola, mtu anapokea franga bila kujua gramu ngapi zimekwenda. Aliyesoma Mat-Fizike angeifanya hesabu hiyo mbele ya wote kwa dakika mbili. Mama wanaotwanga mawe wangemshukuru wa kwanza. Kati yao pia kuna wasichana wenye diploma, na wao wananyamaza zaidi.

Mwenye kutaka kurudi darasani au shambani arudi, hakuna ubaya. Lakini aweke mwezi wa kuondoka, amwambie mtu. Kungojea bila mwezi, wengi wamezeekea humo.

Kuna jambo lingine, na hili ni kwa wakubwa wa kooperative. Wamoja wenu mnawaogopa wenye kusoma, mnasema watawanyang'anya kiti. Ndiyo maana daftari linabaki kwa shemeji asiyejua kuandika vizuri. Mkutano unaokuja, mpeni kijana mmoja kalamu. Kando ya kila jina la kareri aandike jina la nyumbani, kijiji, na namba ya simu ya mtu wa familia. Kisha mpeleke listi hiyo SAEMAPE muulize habari ya kadi, kabla mvua hazijarudi.