Ufundi wa Nyumbani: Klachi ya Kombi Kuukuu

Katika njia za vilima za Kakanda kombi kuukuu hueleza ugonjwa wake yenyewe: injini yanguruma sana, lakini mwendo hauongezeki. Mara nyingi hiyo ni dalili ya kuwa sahani ya klachi, ambayo mafundi wetu huiita ambreyaji, imelika.

Kazi hii yaweza kufanywa uani, lakini kwa uangalifu. Kwanza fungua waya wa betri na uzuie magurudumu. Inua gari kwa jeki, kisha uliegemeze juu ya stendi imara za chuma. Usiingie kamwe chini ya gari lishikwalo na jeki peke yake, wala juu ya matofali. Watoto wakae mbali.

Shusheni sanduku la gia mkiwa wawili, kwa maana ni zito. Vumbi la sahani za zamani laweza kuwa na asbesto, iletayo saratani ya mapafu. Basi usilipulize, bali lifute kwa kitambaa kilicholowa maji.

Badili pamoja sahani, kifuniko chake chenye springi na beringi yake. Sahani ikae katikati barabara, isiguswe na mafuta. Bolti zikazwe kidogo kidogo kwa zamu. Mafuta yakivuja nyuma ya injini, badili sili kwanza, la sivyo sahani mpya itaharibika.

Huna stendi? Mwite fundi wa Likasi. Fedha hutafutwa tena. Baba wa watoto hatafutwi.