Dawa imeshuka bei, barabara bado ndefu

Protini ya HER2 ikizidi kwenye seli za saratani ya matiti, huziamrisha zigawanyike bila kukoma. Trastuzumabu, kingamwili iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, huikamata protini hiyo na kuizima. Mwaka 2025 serikali ya Kenya ilikubaliana na kampuni ya Roche: bei ya dozi ikashuka kutoka shilingi 120,000 hadi 40,000, zinazolipwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Tunaipongeza hatua hiyo kwa moyo wote.

Lakini dawa hii hutolewa kila baada ya wiki tatu, kwa kawaida mwaka mzima. Mama wa Garsen, Tana River, atamudu vipi nauli ya kwenda Mombasa kutibiwa, tena mafuriko ya Mto Tana yakikata barabara? Kaunti ya Tana River itenge fedha za usafiri wa wagonjwa hawa katika bajeti ijayo.